Madoa ya Karani

Kiti kilimshinda Sajini Urbanus Kitheka. Asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa ameinuka mara nne, akaenda dirishani, akarudi, na Inspekta Githinji hajamaliza hata nusu ya kikombe chake cha chai.

"Kaa chini, Kitheka. Unanizungusha kichwa."

"Sitaki kukaa, Afande. Nataka siku mbili."

"Unazo. Leo na kesho. Ijumaa saa tatu huyo msichana anasimama mbele ya hakimu, na karatasi ya mashtaka nimeshaiandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Mashtaka yalikuwa ya kujaribu kuua, na msichana aliitwa Wayua, mtumishi wa nyumbani wa miaka ishirini na miwili kutoka Machakos. Jumamosi iliyopita tajiri wake, Rahab Mumbi, mjane mwenye ploti mbili Kawangware, alikunywa chai ya asubuhi akaanguka sakafuni, povu likimtoka. Madaktari walimwokoa, lakini mpaka siku hiyo alikuwa hajaweza kusema neno. Mkemia wa serikali alipata dawa ya kupe ndani ya kikombe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Mkebe wa dawa hiyo ulikutwa chini ya kitanda cha Wayua. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Kiragu, mpwa wa marehemu mumewe Rahab, aliwaongoza polisi hadi sebuleni akawaonyesha tangi la kioo na samaki wa dhahabu aliyekuwa ndani. Nyumba nzima ilimwita samaki huyo Karani, kwa vile alivyopenda kwenda na kurudi siku nzima kama mtu wa ofisini. Karani alikuwa ametapakaa madoa meupe kuanzia kichwani mpaka mkiani.

"Hata kiumbe wa Mungu amemnyunyizia sumu," Kiragu alisema, na Inspekta akafunga daftari lake hapo hapo.

"Kuna jambo moja linaniwasha, Afande," Kitheka alisema. "Yule samaki yuko hai."

"Kwa hivyo?"

"Dawa iliyomwangusha mama mzima. Samaki wa kujaa kiganja anaogelea ndani yake siku nne, na bado anapiga mkia?"

"Labda alimwekea kidogo. Sikiliza, Kitheka. Mimi siendi kortini na samaki. Naenda na kikombe na mkebe. Wewe ukitaka kumhoji samaki, mhoji. Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Kitheka alipiga saluti ya ovyo akatoka. Alijua vizuri mambo yanavyokwenda. Msichana wa kazi asiye na wakili akishaingia rumande, anaweza kukaa humo mwaka mzima, pengine miwili, kabla hajatokea mtu wa kumuuliza swali la maana. Wazo hilo lilimtia hasira, na hasira zake siku zote zilishukia miguuni.

Kule seli Wayua alikuwa akinawa uso. Alinawia juu ya ndoo, polepole, asidondoshe tone nje, kisha akaisukuma ile ndoo ya maji machafu chini ya benchi.

"Huyu ana ugonjwa wa maji," askari wa zamu alisema huku akifungua kufuli. "Kila nikitaka kumwaga, anakataa. Ati ni ya kuosha sakafu."

Kitheka alitabasamu, na jambo hilo likampita.

"Wakya," alimsalimu kwa Kikamba. Yeye alikuwa mtu wa Kitui, ingawa Nairobi ilikuwa imemla miaka ishirini.

"Aa," Wayua aliitikia, macho chini.

"Mwiitu, binti yangu, niambie habari ya Karani. Nimesikia ulimweleza Inspekta kitu, akacheka. Mimi sicheki."

Wayua alijifuta uso kwa upindo wa leso. "Nilimwambia samaki alibadilika rangi. Karani alikuwa mwekundu yote, kama nyanya imeiva. Halafu Jumapili, ile Jumapili ya kabla Mama Rahab agonjeke, nikamwona ana weusi hapa mgongoni. Nikafikiri ni macho yangu. Lakini kila siku ile weusi inapungua, inapungua. Na kufika Alhamisi, hiyo vidoti nyeupe ikaanza kutoka."

"Mama Rahab mwenyewe hakuona weusi?"

"Mama macho yake yana ukungu. Na hiyo wikendi hakuwa. Alikuwa ameenda matanga Murang'a, akarudi Jumatatu."

"Na vidoti vyeupe, uliwahi kuviona siku nyingine?"

Wayua alifikiri. Kisha akasema ukweli, na ukweli wenyewe haukumsaidia hata kidogo. "Niliona. Mwezi wa pili alikuwa navyo. Mama akasema ni kawaida yake, kila mwaka hutoka na kwisha."

Kitheka alishuka ngazi za kituo akijikuna shingo. Kama samaki hutoka madoa kila mwaka, basi madoa hayo hayana habari yoyote ya kumpa, na yeye ni mzee mzima anayepoteza siku yake na kitoweo.

*

Kiragu alimpokea Kawangware kwenye veranda, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limefunguliwa vifungo vitatu, sigara mkononi. Majivu alikuwa akiyakung'uta ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliowekwa kwenye ukuta wa veranda. Kando ya mkebe kulikuwa na kifuniko chake, kimetobolewa matundu saba kwa msumari, sita yamezunguka moja.

"Sasa, Afande. Mmerudi tena? Nilifikiri ile kesi imeisha."

"Inaisha Ijumaa. Nimekuja kuangalia samaki."

"Aah, huyo ni ushahidi mzito. Ingia, ingia."

Tangi lilikuwa juu ya meza ndogo karibu na redio. Kitheka aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Karani hakuwa akienda na kurudi tena. Alitulia pembeni, mapezi yamebanwa ubavuni, kisha ghafla akajitupa na kujisugua kwenye jiwe, akatulia, akajitupa tena. Madoa yalikuwa madogo, yamelingana, kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani. Na mgongoni, kama msichana alivyosema, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, upana wa risasi ya penseli.

"Amekaa hapa miaka mingapi?"

"Saba. Kuna Mhindi alikuwa tajiri wa mzee wetu, akahamia Uingereza, akatuachia."

"Ni huyu huyu?"

"Kwani kuna mwingine?" Kiragu alicheka. "Huyu ni mtu wa nyumba, Afande."

"Nani husafisha tangi?"

"Wayua. Mimi hata sijawahi kutia mkono ndani ya hiyo maji. Ndiyo maana nawaambia, ni yeye tu."

Kitheka aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Kisha akachungulia dirisha la nyuma. Uani kulikuwa na banda la mabanzi lililoinama upande mmoja.

"Hapa mlifuga ng'ombe?"

"Zamani, mzee akiwa hai. Zikauzwa kama mwaka wa sabini na tisa hivi."

"Na sasa hiyo ploti ya nyuma ni ya nani?"

Kiragu alivuta sigara kwanza. "Ni yetu. Hivyo vyumba vya kupangisha unaona, nimejenga mimi. Halafu Mama anaambia watu wa kanisa atawapa wajenge nasari. Lakini hayo ni maneno ya nyumbani, si ya polisi."

"Kweli," Kitheka alisema, akayaandika nayo.

Aliazima chupa kubwa ya peremende kutoka duka la jirani, akaisuuza, akaijaza maji ya tangi na kumchota samaki kwa kikombe. Kiragu alimfungulia mlango kwa mikono miwili. Furaha ile ya Kiragu ya kumpa polisi samaki ilimkaa Kitheka rohoni njia yote. Mtu anayeamini kabisa kwamba samaki ni shahidi wake huyo hajui chochote kuhusu samaki.

Hakupanda gari, kwa sababu maji yangemwagika. Alishika njia kwa miguu, chupa kifuani, akapita Dagoretti Corner na kuifuata barabara ya Ngong, na Nairobi yote ikapata la kusema. "Mzee, chai ya jioni hiyo?" mwashi mmoja alimpigia kelele kutoka juu ya jukwaa. Wanawake wa sokoni walitaka kujua kama ni dawa ya mapenzi. Kitheka alikaza mwendo. Kila baada ya hatua mia alisimama na kuchungulia. Samaki alikuwa akipumua kwa haraka, vifuniko vya mashavu vinapanda na kushuka, na kila alipochungulia alimwona amechoka zaidi. Akifia njiani, huyo Inspekta atasema ameuawa na sumu, na hapo hakuna wa kumbishia.

*

Mtaa wote wa Ayany ulimjua mtu mmoja tu wa samaki, na mtu huyo, ambaye Kitheka alikuwa akimwendea, aliitwa Shivachi. Aliishi Kibera, upande wa Soweto, nyuma ya mashine ya posho. Miaka kumi na miwili alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja wa Karen aliyekuwa na bwawa. Mzungu alipofariki, Shivachi aliondoka na ujuzi na samaki tisa. Sasa alikuwa na mabafu sita ya kale yaliyopangwa chini ya bati, na ndani ya kila bafu mlikuwa na rangi za kila aina, nyeusi, shaba, njano, nyekundu. Bafu la mwisho lilisimama peke yake mbali na mengine, limefungwa kitambaa chekundu.

Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu, na hakumwamkia mgeni kabla ya kuiamkia chupa.

"Yesu! Huyu mtoto anaumwa," alisema. "Weka chini. Usitingishe."

"Anaumwa, au amepewa sumu?"

"Sumu?" Shivachi alilowesha mkono, akauzamisha kwenye chupa, akamwinua samaki kidogo na kumpitishia kidole gumba ubavuni. "Njoo uone. Kama ni unga, si ningepangusa itoke? Na si maji ingekuwa imeshaosha zamani? Haitoki. Hii iko chini ya ngozi. Ni kadudu, kanajichimbia ndani, ngozi inavimba juu yake, hiyo ndiyo doti. Kakishiba kanatoka, kanaenda kuzaa chini kwa mawe, watoto wake wanarudi kutafuta samaki. Umemwona akijisugua?"

"Kwenye jiwe. Kama mtu mwenye upele."

"Ndiyo hiyo. Na mapezi amefunga, na anahema. Hiyo ni ugonjwa wa madoa."

"Ungemwekea dawa ya kupe ndani ya maji?"

Shivachi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Angekufa kabla sijaosha mikono. Tone moja tu. Na angekufa bila doti hata moja."

Kitheka aliliandika hilo, lakini hakutaka kufurahi mapema. Neno la Wayua lilikuwa bado halijajibiwa.

"Samaki huyu alikuwa na madoa mwezi wa pili pia. Mwenyewe alisema hutoka kila mwaka."

"Wapi? Mwili yote, ama hapa?" Shivachi aligonga shavu lake mwenyewe.

"Sikuuliza."

"Basi enda uulize. Samaki dume, wakati wa kutaka jike, anatoka vipele vyeupe hapa kwa kifuniko cha shavu, na hapa mbele kwa pezi, vimejipanga laini. Huyo haumwi, huyo anaringa. Na ni wakati wa joto, si baridi ya Julai hii. Huyu wako ana doti mpaka kwa mkia. Hata kwa macho."

Kitheka aliandika kwa haraka mpaka karatasi ikatoboka. "Na weusi huu wa mgongoni? Msichana anasema ulikuwa mpana, unapungua kila siku."

"Ni utoto unamtoka. Hawa wakizaliwa ni weusi, rangi ya matope. Halafu wanabadilika, wanaanza na tumbo, wanapanda hivi, mgongo ndio mwisho. Wengine wanabadilika mapema, wengine wanachelewa mpaka mwaka wa pili."

"Na aliyekuwa mwekundu miaka saba, anaweza kurudi hivyo?"

"Maji chafu inaweza kumchoma, apate weusi ya kidonda kwa mapezi, huku na huku. Ukimweka gizani muda mrefu, anapauka. Lakini huu ni mstari safi, mgongoni tu, na unaisha kwa mpango wake. Mzee harudi kuwa mtoto, Afande."

Kitheka hakuwa amevaa sare, wala hakuwa amemwambia mtu huyu kwamba yeye ni afande. Alifunga daftari, akainuka, akaanza kutembea kati ya mabafu. Alihesabu hatua tano kwenda, tano kurudi. Juu ya rafu ya mbao aliona mikebe kumi hivi ya mafuta ya kupikia, na kila kifuniko kilikuwa na matundu saba, sita yamezunguka moja.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kubebea samaki. Wapate hewa. Mteja ananirudishia baadaye."

"Wote wanarudisha?"

"Karibu wote."

"Kiragu wa Kawangware hajarudisha," Kitheka alisema taratibu. "Anautilia majivu ya sigara."

Shivachi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Uso ulimwiva kwa woga na aibu. "Afande, mimi sina leseni ya biashara, hiyo nakubali. Lakini sikumuuza huyu mtoto kwa ubaya. Mtu alikuja Jumamosi, si hii imepita, ile nyingine. Anataka nyekundu, kubwa hivi, na anaitaka saa hiyo hiyo. Mkubwa wa saizi hiyo nilikuwa na mmoja tu, na yuko kwa bafu ya kitambaa. Hiyo bafu ni ya wagonjwa na wageni. Mtu hauziwi kutoka hapo mpaka wiki tatu ziishe, hata awe nani. Nikamkatalia. Akasema nitafutie mwingine. Nikageuka kushika wavu, kurudi, ametupa pesa hapo chini, amechota mwenyewe na mkebe wangu, anaenda mbio."

"Ulimwuliza haraka ya nini?"

"Alisema wa nyumbani amekufa, na mama akirudi atalia."

Kitheka alikaa chini juu ya ukingo wa bafu, nusu dakika tu, kisha akasimama tena. Mkebe wa dawa ulikuwa wa miaka mitano, masalio ya banda la ng'ombe. Mtu akitaka kuutumia, kwanza anataka kujua kama bado una nguvu. Nyumbani hayupo mtu, na sebuleni kuna kitu chenye uhai. Karani wa kweli alikuwa amekufa Jumamosi ile. Huyu alikuwa kaimu wake.

"Vaa koti," alisema. "Tunaenda kituoni ukaandike maneno yako."

"Na huyu?"

"Unaweza kumponya?"

"Chumvi kidogo, maji ya uvuguvugu, na subira. Nitajaribu."

Kitheka alichana karatasi akaandika: Kielelezo cha kwanza, samaki mmoja, hai. Aliisoma tena, akapigia mstari neno la mwisho, akamwachia mke wa Shivachi karatasi hiyo pamoja na samaki.

*

"Hadithi tamu," Inspekta Githinji alisema. "Kijana ameua samaki wa shangazi yake, akanunua mwingine asigombezwe. Hata mimi ningefanya hivyo. Chai ilipikwa na nani?"

"Wayua."

"Mkebe ulikuwa chini ya kitanda cha nani?"

Kitheka alikwenda dirishani. Inspekta alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Samaki aliyekufa hakuwepo. Maji aliyofia hayakuwepo. Kilichobaki ni samaki mgonjwa na muuza samaki asiye na leseni, na hakimu gani angewasikiliza hao?

Alirudi seli akitembea kwa kasi mpaka askari wa zamu akasimama wima.

"Mwiitu, vile vidoti vya mwezi wa pili vilikuwa wapi? Mwili mzima?"

"La. Hapa tu." Wayua aligusa shavu.

"Vizuri. Sasa, Jumamosi ile Mama alipokuwa matangani. Kiragu alikuwa nyumbani?"

"Alikuwa. Mimi nilienda sokoni. Nikarudi nikakuta ametoa maji ya Karani yote, ameweka kwa debe. Karani alikuwa ndani ya mkebe wa matundu. Akasema maji inanuka, niende nimwage kwa mtaro."

"Ukamwaga."

Wayua alianza kukunja upindo wa leso yake, akaukunjua, akaukunja tena. Kitheka alimtazama, halafu macho yake yakashuka, yakafika chini ya benchi, kwenye ile ndoo. Maji ya kunawia uso ya siku nne yalikuwa yametunzwa humo kama maziwa. Alijisikia mjinga. Yeye, mwana wa Kitui, aliyekua akioga kikombe kimoja, alikuwa ameipita ndoo hiyo asubuhi akitabasamu pamoja na askari.

"Mwiitu," alisema kwa sauti ya chini, "sikuulizi kwa ubaya."

"Sikumwaga," Wayua alisema, na machozi yakamtoka. "Alinituma nikasema ndiyo, lakini sikumwaga. Nyumbani mwaka huu mvua imekataa. Mama yangu anatoka alfajiri anarudi adhuhuri, na debe moja. Mimi nimwage debe mzima kwa mtaro? Niliona itaosha choo. Nikaificha nyuma ya banda la ng'ombe, nikafunika na bati. Tafadhali usimwambie Kiragu. Anaweza kusema nimekuwa mjeuri."

"Mbona hukusema tangu Jumamosi?"

"Hakuna mtu aliniuliza maji. Wote waliniuliza chai."

*

Saa kumi jioni waliingia uani Kawangware, Kitheka, konstebo mmoja na Shivachi aliyelalamika njia nzima kwamba samaki wake hawajala. Karibu na jiko palikuwa na pipa la maji ya mvua. Kitheka alilichungulia. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza humo kwa mamia, vinashuka na kupanda.

Nyuma ya banda debe lilikuwa pale pale. Kipande cha bati hakikufika pembeni, na mdudu yeyote angeweza kuingia. Wengi walikuwa wameingia. Mbu, inzi, mende mmoja aliyelala chali, wote wameelea, wamekufa. Maji yaliyokaa siku kumi na moja hayakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Kitheka aliinama, akanusa, na harufu ya josho ikampanda puani, nyembamba, lakini ile ile aliyoijua tangu utotoni.

"Tukimweka huyo mgonjwa humu," Shivachi alisema, "hamalizi dakika tano."

"Usiguse. Konstebo, leta chupa na lakiri."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa, Kiragu akatoka na sigara yake. "Afande, mnatafuta nini tena huku kwa..." Macho yake yaliangukia debe. Hakumwona Shivachi wala konstebo. Alibaki akilikodolea macho debe hilo kama mtu aliyekutana na marehemu njiani.

"Si nilimwambia amwage hiyo!" alisema.

Kitheka alitoa kalamu. Aliandika neno kwa neno, akatia saa, ndipo akainua kichwa.

"Amwage nini?"

"Hiyo... maji ya samaki. Ilikuwa chafu."

"Asubuhi uliniambia hujawahi kutia mkono ndani ya maji hayo. Na kwamba samaki ni yule yule wa miaka saba."

Sigara ilimdondoka Kiragu. Hapo ndipo alipomwona yule mzee wa kofia ya sufu akinyoosha kidole kuelekea veranda.

"Na mkebe wangu," Shivachi alisema kwa uchungu wa kweli, "ulikuwa unanirudishia lini?"

*

Mkemia wa serikali alipiga simu Alhamisi jioni. Dawa ya ndani ya debe na dawa ya ndani ya kikombe zilikuwa moja, kutoka mkebe mmoja. Saa mbili usiku huo Kiragu alieleza yaliyobaki, jinsi alivyoiingiza dawa kwenye kikombe Wayua alipotoka kuchukua kuni, na jinsi alivyoufikisha mkebe chini ya kitanda cha msichana. Juu ya samaki alisema jambo moja tu, mara mbili. Alisema angejua ni ugonjwa, asingemwonyesha mtu.

Ijumaa saa mbili asubuhi Inspekta Githinji aliichana karatasi ya mashtaka akafungua seli mwenyewe. Hakuomba radhi, kwa sababu hakuwahi kujifunza, lakini alikohoa sana.

"Uko huru. Mama Rahab ameanza kusema, anakuulizia. Twende."

Wayua alisimama. Kisha akainama chini ya benchi, akavuta ndoo yake kwa mikono miwili.

"Acha hiyo," Inspekta alisema. "Askari atamwaga."

Wayua alimtazama kwa heshima zote, na hakuiacha. Aliipitisha kwenye korido, akashuka nayo ngazi polepole isimwagike, mpaka kwenye lango la kituo palipokuwa na mti mdogo wa maua uliokauka majani kwa ukame wa mwaka huo. Alichuchumaa, akamimina maji yote kwenye shina, kidogo kidogo, akingoja udongo unywe kabla ya kuongeza. Alipomaliza, aliipangusa ndoo kwa kiganja kuhakikisha hakuna tone lililobaki, akairudisha mlangoni.

Githinji alisimama dirishani na kikombe cha chai mkononi, akitazama mpaka chai ikapoa. Nyuma yake Kitheka alikuwa ameketi.